Santuri Niliyoiponda Redioni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Idara ya Muziki alinipa kitambaa laini na kiti. Kitambaa nilikitumia miaka mingi. Kiti kilinishinda siku hiyo hiyo, kwa sababu santuri ikizunguka mimi siwezi kukaa: nakwenda dirishani, narudi, nagusa kitasa cha mlango, naenda tena. Mkuu, mzee mpole mwenye miwani mizito, alinitazama nikihangaika, akauliza, "Binti, unahakiki muziki au unalinda benki?"

Mimi ni mtoto wa sajini wa polisi. Nilikulia kwenye laini za askari, zile nyumba za polisi hapa Kampala, ambako watu wa Kaskazini, Baganda na Wakenya waligombana kwa Kiswahili kimoja, na ndiyo maana kituo cha redio kiliniajiri. Kipindi changu kilihakiki santuri za roki na jazi, mpya na kuukuu, jioni baada ya habari. Vijana wanaobonyeza simu leo hawajui tulivyofanya. Kwanza unapangusa mifereji, ile mistari myembamba inamopita sindano. Kisha unainua santuri usawa wa macho uone kama imepinda. Halafu unaanza na upande wa pili, maana nyimbo tamu huwekwa upande wa kwanza, na uvivu wa bendi hujificha nyuma. Nilikuwa mkali. Mpiga ngoma wa roki asiyejua kunyamaza sikumhurumia, na barua za matusi zilizofuata nilizifurahia sana.

Kisha wanajeshi wakatawala, Wahindi wenye maduka ya muziki wakafukuzwa nchini, na santuri mpya zikakoma. Mkuu akawa ananituma sokoni Nakivubo kununua kuukuu. Hatukuuliza zilitoka nyumba gani; wakati ule hakuna aliyeuliza. Kila moja iligongwa muhuri wa serikali, na askari wa langoni alipekua mikoba yetu tukitoka. Kama santuri ilikuwa na mkwaruzo, desturi yetu ilikuwa kutangaza mapema sindano itaruka wapi, msikilizaji asije akadhani redio yake imeharibika.

Jioni moja nilipiga santuri ya jazi iliyonifanya, kwa mara ya kwanza, nikae kitini. Mpiga saksafoni alipuliza taratibu kama mtu anayeongea na mgonjwa. Niliwaonya wasikilizaji kwamba wimbo wa tatu wa upande wa pili ungeruka, kisha nikaisifu santuri ile mpaka maneno yakaniishia.

Asubuhi yake mwanamke aliyevaa gomesi, lile vazi refu la mkanda kiunoni, alinisubiri ng'ambo ya barabara. Alisema anaitwa Mama Sauda, wa Kibuli, mke wa mwalimu.

"Nyabo," aliniita kwa heshima, "ile santuri ya jana ni ya bwana yangu."

"Santuri hizo ziko nyingi, mama."

"Ziko mingi, lakini ile kuruka ni mimi. Nilikuwa nafagia, nikagonga meza ya gramafoni. Mwalimu alininunia mpaka Ijumaa." Alicheka kidogo, akaacha. "Walikuja kumuchukua na gari haina namba. Wakabeba gramafoni na santuri zote. Mpaka leo."

Niliogopa. Miguu ilitaka kukimbia, lakini nikamwahidi ningemtafuta aliyeiuza.

"Hapana! Nikijua, nitasema, na nikisema, watoto watabaki na nani? Mimi nataka ile santuri tu. Hata shati yake hawakuniachia."

Mkuu aliponisikia alifunga mlango. "Yenye muhuri haitoki ila ikikataliwa," alisema. "Ukitoka nayo hivi hivi, utaitwa mwizi wa mali ya serikali, na unajua wanakopelekwa. Wa kuikataa ni mhakiki, hewani, kisha Meja akubali. Na Meja alikusikia ukiisifu."

Meja ndiye mwanajeshi aliyeletwa kutuongoza. Mimi nami sikuwa nimewahi kusema hewani jambo ambalo masikio yangu hayakuniambia. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yangu yote. Nilitembea kwenye ujia wa ofisi mpaka mfagiaji akalalamika. Kipindi kilichofuata nikaipiga tena na kuiponda. Nilisema nilikosea, saksafoni ni usingizi mtupu, mpiga besi amepotea njia. Niliyasema haraka, kwa sababu nilijua Mama Sauda alikuwa anasikiliza, na sikuwa nimepata nafasi ya kumwonya.

Meja aliniita. "Wewe! Juzi ulisema hii kitu tamu. Mimi pia nilisikia, tamu. Leo mbaya. Nani alikudanganya?"

"Niliharakisha kuisifu, afande. Halafu mkwaruzo wake unakula sindano. Sindano imebaki moja, na wimbo wa taifa nao tunaupiga kwa santuri."

Alinitazama, nami nikasimama bila kutikisika, jambo ambalo sijui niliwezaje.

"Basi toa hapa. Serikali hapana weka takataka."

Niliipeleka Kibuli nimeifunga kwa gazeti. Mama Sauda hakutabasamu. "Umetukana mwalimu kwa redio."

"Ndiyo ilikuwa njia ya kuitoa, mama."

Alipitisha kidole juu ya mkwaruzo, polepole. "Sasa niambie hapa, sisi wawili. Iko nzuri?"

"Sijasikia nyingine kama hiyo."

"Yeye pia alikuwa anasema hivyo," alisema, akaenda kuiweka chumbani, ingawa hakuwa tena na kitu cha kuipigia.

Mwalimu hakurudi. Nilifanya kazi chini ya wakuu wengine, nikastaafu, na bado siwezi kutulia. Gari likisimama ghafla nje ya nyumba nainuka. Wahakiki vijana huja kunitania, wakiniita bibi: "Jajja, mbona uliiponda santuri ambayo kila mtu anaisifu? Masikio yaliziba?" Miaka yote nimewajibu kwamba ndiyo, yaliziba, kwa kuwa Mama Sauda hakutaka ajulikane. Sasa amezikwa, na binti yake amenipa ruhusa. Jazi bora kuliko ile sijaisikia, na nilisema kinyume mbele ya nchi nzima. Ningesema tena kesho.