Msiba Uliotangazwa kwa Asiye Mwenyewe

Naikumbuka hadi leo asubuhi moja, mwanangu. Nakuhadithia wewe kwa sababu sasa umewekwa msimamizi wa watu, na msimamizi hana budi siku moja kuipokea habari nzito na kuifikisha kwa wenziwe.

Nilikuwa msichana bado, nikifanya kazi ya udobi katika hoteli moja pale Diani. Simu za mkononi zilikuwa za watu wachache. Mkubwa wetu alikuwa Bi Mwanatumu, mama wa Kinondo, asiyependa makelele. Hata mashine zikinguruma, yeye hukusogelea mpaka sikioni ndipo akwambie analolitaka. Sisi vijana tulikuwa tukimcheka. Ujana ni moshi, mwanangu, ukienda haurudi.

Basi tulikuwa tukikunja mashuka, akaingia Mwero, mpagazi wa mizigo, anahema. Hakupiga hodi wala hakutoa salamu.

"Gari la zamu ya usiku limepinduka njia ya Msambweni! Dereva amekufa!"

Dereva alikuwa Hamisi, mume wa Mwanakombo. Na Mwanakombo alikuwa pale pale mezani, pasi mkononi. Sijapata kusikia ukelele kama ule. Alianguka, na pasi ikaanguka naye ikamuunguza mkono, wala hakujua kama ameungua. Nilimrukia nikamkumbatia. "Subira, dada yangu, subira," nikawa namwambia. Na moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa nashukuru kwamba kaka yangu Rashidi, mpishi wa hoteli ile ile, alikuwa na mapumziko.

Bi Mwanatumu alizima mashine zote. Akamgeukia Mwero.

"Umemwona maiti?"

"Hapana, Bi. Nimesikia getini."

"Kwa nani?"

"Watu tu."

"Basi keti hapa. Maneno hayo usiyapeleke kwingine." Kisha akatuambia sote, kwa sauti yake ile ile ya chini, "Gari limepata ajali. Nani kaumia, nani kafa, bado hatujui. Naenda ofisini kupiga simu hospitali. Nikirudi nitawaambia nilichokisikia, kizuri au kibaya."

Aliporudi tulimkodolea macho, lakini uso wake haukusema neno. Akapiga magoti kando ya Mwanakombo. "Hamisi yu hai. Kavunjika mguu. Nimesema naye mwenyewe."

Lo! Mwanakombo akalia upya, kilio na kicheko pamoja. Tulishangilia, na mimi kuliko wote. Ndipo nikahisi mkono wa Bi Mwanatumu begani.

"Mwanangu, njoo kidogo."

Alinipeleka chumba cha kuwekea mashuka, akafunga mlango, akaniketisha juu ya robota la taulo. Naye akaketi mbele yangu, magoti yetu yakagusana.

"Rashidi alikuja jana kumshikia mwenziwe zamu," alisema. "Alikuwa ndani ya lile gari. Amefariki, mwanangu."

"Si yeye," nikamwambia. "Yeye yuko nyumbani, leo hana kazi."

Hakubishana nami. Alisema tu, "Nimewauliza mara mbili. Hamisi amemtambua."

Nikamwuliza kama kaka yangu aliteseka.

"Hilo silijui, wala sitakudanganya. Tutakwenda pamoja tukaulize."

Nililia mpaka buibui lake likalowa, naye hakuniambia ninyamaze hata mara moja. Nilipoweza kusimama, akaniuliza kwa upole, "Wenzio niwaambie mimi peke yangu, au unataka uwepo?" Nikataka niwepo.

Alinishika mkono tukatoka. "Jamani," alisema, "Rashidi wa jikoni ametutoka. Ni kaka yake huyu. Wengine wote wako hai, wanatibiwa. Saa ya maziko sijaijua, nikiijua nitawaambia. Mwenye kulia na alie. Mashuka yatangoja."

Basi. Maneno hayo tu. Mwanakombo, niliyekuwa nimemkumbatia mimi, akaja kunikumbatia kwa mkono wake ulioungua. Na Mwero pale mlangoni alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yakimtiririka. Nilidhani Bi Mwanatumu atamvunjia heshima mbele ya watu. Akamwambia tu, "Maji yakimwagika hayazoleki, baba. Nenda kamtafutie Mwanakombo dawa ya kuungua."

Alasiri ile tulimzika Rashidi kwetu Msambweni, na idara nzima ya udobi ilikuwapo.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kifo hakina hodi, lakini anayekileta kwa mdomo anaweza kubisha. Habari ikikufikia, iulize kwanza imetoka wapi. Mwenye msiba mtangulize, umwambie faraghani, naye ameketi. Neno lenyewe litaje kwa jina lake, usilizungushe, maana mtu anayezungushwa hufa mara mbili. Usilolijua sema hulijui. Kisha waambie wenzio wote kwa pamoja, asibaki mmoja wa kuokota vipande getini. Siku hizi geti liko ndani ya simu, na mlio wake unakwenda mbali kuliko wa Mwero. Na wewe ukitetemeka, tetemeka, si aibu. Ila sauti yako iwe chini, ili mwenye kuumia apate kuisikia yake mwenyewe.

Mola akupe ulimi mwepesi wa kweli na mzito wa uvumi. Akujaalie kifua cha kubeba machungu ya watu, na siku yako ikifika, mwanangu, akupe wa kukuketisha na kukushika mkono. Amina.