Herufi Zilizoliwa na Mende
Fundi wa kadi wa mtaa wa Al-Baghdadiyah anapenda herufi za taipureta zilizochakaa, zenye wino uliokatikakatika. Mikahawa ya Jeddah huzitaka kwenye menyu ili ionekane ya zamani. Yeye kila herufi huikwangua upya kwenye kompyuta, maana wino wa taipureta, husema, haukolei sawasawa mara mbili; kisha huipuliza skrini, kama anayepeperusha vumbi. Leo Bi Jokha kaja kuchukua kadi za harusi ya bintiye.

"Mwanangu, kadi ya harusi, herufi zimeliwa na mende?"

"Ndio mtindo, bibi. Bi harusi mwenyewe kachagua."

Bi Jokha akaisogeza kadi machoni, akafika kwenye jina la bintiye. Hapo haikumeguka hata herufi moja.

"Na hapa?"

Fundi akaipuliza skrini.

"Hapo mkono ulikataa."