Kahawa Iliyouzwa Ikiwa Maua

Juzi nilifika nyumbani Kaagya nikitokea Muleba, mdogo wangu akanikaribisha kwa soda. Soda! Nikamuuliza, kahawa ya kutafuna iko wapi? "Dada, siku hizi nani anatafuna?" akasema, macho kwenye simu, anabeti. Nilikereka, ingawa sijui kama nina haki.

Wewe uliyekulia kwetu unaijua. Kahawa mbichi inachemshwa na majani yenye harufu nzuri, inaanikwa, inatiwa kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko. Bibi alikuwa akisema, mgeni ambaye hajatafuna bado yuko njiani. Kahawa yake ilitoka kwenye mti mmoja tu, ule wa karibu na mlango, alioupanda alipoolewa.

Msimu wa maua kibanja chote, shamba letu la kuzunguka nyumba, kilinukia, majirani wakachangamka, sisi tukanuna. Maana baba akiona maua tu, anavaa shati la kanisani, anakwenda kuuza kahawa ambayo haijawa hata punje. Butura, ndivyo tunavyoita. Wengine waliuza butura kwa sababu ya ada au ugonjwa. Baba aliuza kwa ajili ya mashine ya kamari pale senta.

"Leo inatema," alimwambia mama.

"Inatema kila siku. Inakutema wewe."

Nimtendee haki: hakuwahi kutupiga, na siku moja ilitema kweli. Alirudi na sato mkubwa na kanga ya mama, tukacheza uani. Samaki yule alituponza. Kila tulipokula ndizi kwa chumvi tupu, baba alitukumbusha habari zake.

Mwaka shangazi alipokuwa anaposwa, bibi alikwenda kwenye mti wake kuchuma kahawa ya kuwaandalia wageni. Akamkuta mnunuzi anachuma.

"Huu nao umo, waitu," akasema kwa adabu. "Mwanao alisema yote, mpaka mlangoni."

Bibi hakubisha. Alipiga goti, kwenye kibanja chake mwenyewe, akaomba. Mnunuzi, sitamsingizia, alimpa kwa mikono miwili.

Siku ya ugeni ilipofika, walitafuna wakasifu. "Hakuna kama kahawa ya nyumbani," akasema mshenga. Baba akacheka, akakichukua kikapu akizungushe tena.

Bibi akauliza polepole, "Nyumbani kwa nani?"

Kikapu kikakwama mkononi mwa baba.

Ningependa kuandika kwamba aliacha. Alipumzika msimu mmoja, labda miwili, sina hakika. Labda natamani tu iwe hivyo.

Sasa bibi hayupo, baba hayupo, hata mashine ile imeondolewa. Mti upo, na juzi ulikuwa mweupe kwa maua. Niliunusa, nikamuuliza mdogo wangu: haya maua bado ni yetu?

Hakuinua macho. "Dada, timu moja imenichania mkeka. Moja tu!"

Nikamaliza soda yangu nimesimama pale mlangoni, kama mtu ambaye bado yuko njiani.