Mfalme Aliyemfunga Kifo

Katika duka dogo la mtaa wa Saint-Josse nilifungua kopo la dawa ya kuchua ninuse tu, na harufu ya mikaratusi ikanirudisha kwenye nyumba yetu ya utotoni mtaa wa Anderlecht, ghorofa ya tano, mchana wa mvua laini. Mama alikuwa mgonjwa, amelala chumbani akinukia dawa hiyo hiyo. Papa, aliyesoma Kigiriki seminarini Lubumbashi, alinipakata akinisimulia habari za mfalme wa Wagiriki wa kale. Miungu walimkasirikia, wakamtuma Kifo amchukue. Mfalme akamfunga Kifo kwa minyororo, na kwa siku nyingi hakufa mtu yeyote duniani.

"Papa, sisi tuko na munyororo?"

"Hapana, mutoto yangu."

Akavua mkanda wake wa kitambaa. Kwa mkanda huo tukafunga kitasa cha mlango wa nje kwenye bomba la kupashia nyumba joto.

"Munafunga nini kule?" mama akauliza kutoka kitandani, kwa sauti nyembamba.

"Kifo, maman," nikajibu. "Asiingie."

Mvua ilisikika dirishani.

"Bon, sawa," mama akasema. "Basi mukaze muzuri."

Papa akapiga magoti, akaongeza fundo la pili.