Mbinya na Farasi Aliyemgusa

Mbinya alikuwa fundi wa nguo katika soko la Tawa, na majoho ya kwaya za upande ule karibu yote yalipitia kwenye cherehani yake. Sataranji alifundishwa na shemeji yake aliyefanya kazi ya reli Makindu. Kufikia mwaka wa 1986, katika klabu yetu hakuna aliyemshinda kwa urahisi.

Mwaka huo mashindano ya vilabu yalifanyika Kwa Vonza, ndani ya ukumbi wa kanisa, nami nikawa mwamuzi. Mchezo wa mwisho ulikuwa kati ya Mbinya na Irungu, muuza mabati wa Salama. Irungu alikuwa mbele kwa nusu pointi tu, kwa hivyo Mbinya asiposhinda, kombe lilikuwa la Irungu.

Kufikia saa nane Mbinya alikuwa anashinda kweli. Irungu alitoka kunywa maji, nami nikainama kuandika matokeo ya meza nyingine. Nilipoinua kichwa, Mbinya alikuwa amesogeza farasi na kuiacha ngome yake bila ulinzi. Irungu aliporudi, aliutazama ubao kwa muda mrefu.

"Mama Muli," akamwuliza Mbinya, "huu ni mtego?"

"Si mtego. Nilimshika farasi mawazo yakiwa kwingine. Ukigusa, unacheza."

"Lakini mimi sikuwepo. Nani alikuona?"

"Mimi nilikuwepo."

Irungu akaila ngome, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyepata bahati.

Mbinya hakukata tamaa. Alipigana saa mbili nzima, kete zake zikiisha moja moja, mpaka akabaki na mfalme peke yake pembeni. Irungu, kwa uchovu, akasogeza malkia vibaya: mfalme wa Mbinya hakutishwa, lakini hakuwa na mraba hata mmoja wa kwenda. Kwa sheria, hiyo ni sare.

Kombe likaenda Salama. Kabla ya kulipokea, Irungu alisimama akaeleza watu habari ya yule farasi, Mbinya akitazama sakafu kwa haya.

Wiki iliyofuata Irungu alifunga duka, akaja Tawa na ubao kwapani, akaomba wacheze tena. Alishindwa mara mbili, akapimwa suruali, akarudi kwao.