Mwanangu Asionje Tena

Pombe yangu ya mtama ilikuwa inanukia kutoka Nyarero mpaka Sirari. Sijisifu, nasema kilichokuwepo: malori yalikuwa yanapunguza mwendo pale mpakani, na ng'ombe wa upande wa Kenya walikuwa wanainua vichwa wakitafuta harufu inatoka wapi. Jumamosi za palizi nikiita risaga, watu walikuja na majembe yao kama siafu. Shamba ambalo mtu mmoja angelipalilia mpaka azeeke, wao walilimaliza kabla jua halijachoma. Halafu wanakuja uani, wanazunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, na kelele zinakuwa kubwa hata kuku wanahamia kwa jirani. Ndivyo tunavyolimiana huku, hakuna anayelipwa. Leo mnanilimia mimi, mnakunywa kwangu. Siku nyingine nakuja kwako na jembe langu.

Sasa naandika nikiwa kwenye ua huohuo. Kuku wote wapo.

Huku kwetu, mgeni haweki mrija mdomoni kabla mtu wa nyumba hajavuta kwanza. Ni adabu. Ni kumwambia mgeni kunywa, roho yako iko salama hapa. Wakati wa wazazi wetu mwenye nyumba alionja mwenyewe, lakini mwenye nyumba ana mambo mengi, basi kazi ikashuka kwa watoto. Kwangu ilimshukia kitinda mimba wangu. Alianza mrija ukiwa umemzidi urefu. Anavuta, anakunja uso, watu wanacheka, anakimbilia kucheza. Hakuna aliyewahi kusema mtoto yule anakunywa. Alikuwa anaonja, na kuonja kuliwekwa fungu moja na kuleta maji ya kunawa na kuwapa wazee viti.

Akakua. Akatahiriwa, akahamia kwenye kibanda chake kule pembeni ya ua, nami nikaacha kuingia humo kama mama yeyote anavyoacha. Na kwa kuwa alikuwa na heshima, shikamoo yake haimpiti mtu, majirani wakaanza kumwazima. Wenye risaga wanamwita, wenye msiba wanamwita.

Siku moja tulikuwa kwenye sherehe ya mahari. Wanawake wa nyumba mbalimbali tulikuwa tumeleta pombe kwenye madumu. Mzee mmoja mcheshi akamwita mwanangu, akamfunika macho kwa kofia.

"Mura, kijana wetu, hii ya nani?"

Akapewa kikombe, akazungusha mdomoni. "Ya kwa bibi wa kule kisimani. Anachanganya na muhogo."

"Na hii?"

"Ya mama."

"Na hii?"

"Hii ya Gorong'a. Imeletwa na shangazi wa bwana harusi. Haijakaa vizuri."

Watu walipiga makofi, wazee wakapiga chini fimbo zao. Mtoto ana ulimi wa babu, huyu! Nami nilipiga makofi, tena kwa nguvu kuliko wote. Kisha mikono yangu ikasimama yenyewe hewani. Mtoto yuko kidato cha pili. Kanuni za fizikia zinamtoka kila wiki, lakini pombe ya kila nyumba anaijua kwa jina.

Nilimfikiria shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Naye alikuwa mwonjaji wa nyumba yao, wakimsifu vilevile. Kutoka hapo akahamia kwenye gongo, kutoka kwenye gongo akahamia kwenye bangi, na siku hizi anazunguka stendi ya Tarime mjini akisalimiana na watu ambao hawapo.

Jioni ile nilibeba kigoda nikakaa nje ya kibanda cha mwanangu. Mlango ulikuwa umerudishwa.

"Mura."

"Naam, mama."

"Kuanzia leo usionje tena. Hapa wala kwa mtu yeyote."

"Kwani nilimwaga?"

"Hukumwaga."

"Sasa kosa langu nini?"

Mimi ni mhitimu wa masomo ya jioni. Nilikuwa nikimaliza kusugua masufuria naenda kusoma baiolojia, na naapa hakuna mtu katika wilaya nzima anayelijua ini kama ninavyolijua mimi. Mwalimu wetu alilichora ubaoni kubwa kama godoro. Basi nikamwaga ini lote kwenye ule ukuta wa udongo, na ubongo wa kijana nikauongezea juu. Nilipomaliza, sauti ikatoka ndani, ya upole kabisa.

"Mama, hayo ni ya walevi. Mimi naonja tu."

"Unaonja nyumba ngapi Jumamosi moja?"

Alikuwa anahesabu. Alihesabu muda mrefu, na sikuhitaji kusikia alikofikia.

"Haya," akasema mwisho. "Wakiniita, niseme nini?"

Hilo ndilo swali ambalo hatukulisoma. Tunawaambia watoto wakatae, halafu tunawaacha peke yao mbele ya watu wazima kumi wenye mirija. Nikamwambia, "Usiseme kitu. Nitawaambia mimi."

Nilianza na jirani yangu, mke wa binamu mkubwa wa mume wangu, ambaye tulikuwa tumelimiana tangu niolewe. Nilimkuta anapukuchua mahindi.

"Dada, nina ombi. Mwanangu asionje tena pombe hapa. Tafuteni mtu mzima."

Mikono yake ikasimama. "Asionje?"

"Asionje."

"Amesema nini kuhusu pombe yangu?"

"Hajasema kitu."

"Basi wewe ndiye unayesema. Mtu akikataza mtoto wake kuonja kwangu, maana yake nini, mke wetu? Wewe umesoma jioni, sisi hatukusoma hata asubuhi. Tufundishe."

"Nasema ni mtoto bado."

"Mtoto gani? Huyo ametahiriwa mbele yetu! Sema tu kwamba mimi nawawekea watu sumu, nijue moja."

Nilieleza. Nikaeleza tena. Kadiri nilivyoeleza ndivyo sumu ilivyozidi kwenye chungu chake. Nilipofika nyumba ya pili walikuwa wameshasikia, na ya tatu hawakunikaribisha kukaa. Na mimi mwenyewe niliacha kupika, kwa sababu sikuona namna ya kumkataza mtoto kuonja huku kimea kikiwa kinakauka mlangoni pangu.

Mume wangu ni fundi ujenzi, wakati huo alikuwa kwenye kazi ya madarasa kule Ringwani. Akapiga simu.

"Umewaambia watu pombe yao ina sumu?"

"Sikusema hivyo."

"Huku Serengeti tumesikia. Hata fisi wamesikia. Mimi si nilionja tangu utotoni? Nina shida gani?"

"Mdogo wako naye alionja."

Nilisikia watu wakigonga matofali nyuma yake. Baadaye akasema salio linakwisha, ingawa aliyepiga ni yeye na salio halikwisha.

Palizi ikafika. Niliita risaga kama kawaida, nikatangaza kwamba safari hii ni chakula. Nilichinja mbuzi. Nilipika wali wa kushibisha kikosi cha jeshi, chai ya maziwa ndoo nzima, na togwa ambayo haijachacha. Nikatandika mikeka. Jua likapanda. Nikahamisha mikeka ikafuata kivuli. Kutoka ng'ambo ya kijito nilisikia wenzangu wakiimba kwenye shamba la mtu mwingine, na niliweza kutambua kila sauti, nani anaanzisha na nani anaitikia vibaya.

Mwanangu alitoka kibandani, akaangalia masufuria, akaangalia njia.

"Hawajaja kwa sababu yangu."

"Hawajaja kwa sababu yangu mimi. Kula."

Alikula akiwa amesimama, halafu akachukua jembe akavuka kijito, waliko vijana wa rika lake. Sikumzuia. Nilishika mstari wa kwanza peke yangu. Shamba lile lina urefu wa kutoka hapa mpaka Mwanza, na nilipofika mwisho na kugeuka, magugu ya mwanzo yalikuwa yameshaota tena. Nilizungumza na mahindi. Nilihadithia vichekesho vyangu vyote, hata vile ambavyo watu huangua kicheko kabla sijamaliza, na hindi moja halikutikisika. Nakumbuka nilicheka mwenyewe ili visipotee, na sauti yangu ikanitisha.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya jirani. Sikualikwa, lakini mwanangu alikuwa ametangulia asubuhi, na nilikuwa nimemwahidi kwamba yeye hatasema kitu. Nikachukua jembe nikaenda. Nililima pembeni kabisa. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenisogelea.

Kazi ilipoisha, chungu kikatolewa uani, maji ya moto yakamiminwa, watu wakakaa. Nikabaki nimesimama karibu na zizi. Jirani alipangusa mrija, akainua sauti ili nisikie.

"Mura, njoo uonje. Leo tuone kama kuna sumu."

Watu wakacheka. Mwanangu akainuka. Kijana mmoja akamrushia, "Muulize mama kwanza!" Mwingine akadakia, "Ini lake litavimba liwe kama godoro!" Kicheko kikawa kikubwa zaidi, nami nikajua kwamba somo langu lilikuwa limefika mbali kuliko nilivyodhani.

Mtoto alisimama pale ameshika mrija. Akivuta, amenicheka pamoja nao na kesho ataitwa nyumba nyingine. Asipovuta, amemwambia mama mtu mzima mbele ya wazee kwamba ni mchawi. Hakuniangalia. Alikuwa anauangalia ule mrija, na niliona koo lake likipanda na kushuka. Hilo ndilo lililonitoa zizini.

"Shikamooni wazee," nikasema. "Dada, maneno yaliyokuchoma ni yangu. Basi nionje mimi."

Nikauchukua mrija mkononi mwa mwanangu, nikapiga magoti, nikavuta. Nilivuta mpaka chungu kikapungua kama Ziwa Victoria wakati wa kiangazi. Nikapangusa mdomo.

"Ni nzuri. Kunyweni. Nilichokataza ni mtoto, pombe yako sikuikataza."

Jirani aliupokea mrija.

"Ungesema hivyo tangu mwanzo."

"Nilisema."

"Ulisema kama mwalimu."

Mzee mmoja akakohoa kicheko, mirija ikaingia chunguni mmoja baada ya mwingine, na mazungumzo yakarudi kwenye bei ya ng'ombe. Yule mama hakumwita tena mwanangu siku ile, nami namshukuru mpaka leo. Lakini pale kwenye duara hakuna aliyesogea kunipa nafasi. Nilisubiri kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, halafu nikachukua jembe langu.

Nilipovuka kijito nikasikia hatua. Alikuwa anakuja nyuma, mbali vya kutosha ili mtu asije akasema anasindikizwa na mama. Alinifikia nyumbani.

"Umeniaibisha."

"Najua."

"Wamesema hawataniita tena."

"Kuonja?"

"Kokote."

Mimi huwa sikosi neno. Hata msibani huwa wananiomba nipunguze. Pale nilitafuta kichekesho chochote, cha zamani au cha kuazima, sikupata.

"Na mimi hawaniiti," nikamwambia.

Aligeuza kichwa akaangalia shambani. "Palizi imebaki kiasi gani?"

"Yote."

Akaguna kitu kilichokaribia kuwa kicheko. Alitema mate viganjani, akashika jembe lake, akaanzia upande wa kijito. Mimi nikaanzia upande wa njia, katikati yetu mahindi yote yale. Kelele za kwa jirani zilikuwa zinatufikia vizuri, wimbo, kicheko, halafu wimbo. Kila alipoinua kichwa kusikiliza, nami nilikuwa nimeinua changu. Alipoinama, niliinama.