Taa Iliyowaka kwa Pumzi ya Mtoto

"Weka huyo mtoto mbali na taa," boss aliniambia mbele ya wateja, "ama mtoke nyinyi wawili."

Hapo nilichoka. Nilimpokonya taa mkononi, nikachukua bisibisi, nikaanza kuifungua palepale kwenye kaunta.

Karakana yetu iko Busia, nyuma ya maduka ya nguo. Tulikuwa wanawake wanne tukiunda bodi za taa za sola: unapachika vipande vidogo, unalehemu miguu yake kwa risasi, unafunga kasha. Kazi hiyo naijua, sitajifanya mnyenyekevu. Nilipojifungua, boss mwenyewe ndiye aliyenipigia simu kabla arobaini haijaisha. "Dada, rudi tu. Kuja na mtoto, kazi imejaa." Nikarudi na mtoto mgongoni.

Mvua zilipoanza, taa zikaanza kurudishwa na wateja. Si kwamba zilikataa kuwaka. Zilikuwa zinawaka zenyewe. Mtu anazima, anaenda zake shambani huko Amukura, akirudi anakuta taa inamtazama dirishani. Tulizipanga rafuni zote zikiwa zimezimwa. Asubuhi yenye ukungu tulifungua mlango tukakuta tatu zinawaka, na ya nne inafifia na kurudi, inafifia na kurudi, kama jicho la mgonjwa. Tulisimama nje, kila mtu akimsukuma mwenzake atangulie.

Kisha akaja mjane kutoka Sio Port. Mume wake alizama ziwani akivua omena. Taa yake aliifunga kwenye leso kama mtoto.

"Inawaka kila alfajiri," alisema polepole, "saa ile mzee alikuwa anarudi. Mimi huamka namwekea chai."

Hakuja kutengenezewa. Alikuja kuuliza kama ni mume wake.

Niliipokea, mtoto akiwa mapajani. Mtoto akakohoa, pumzi ikaingia kwenye matundu ya kasha. Taa ikawaka. Akatulia, ikazimika taratibu. Akakohoa tena, ikawaka tena. Mwenzangu mmoja alitoka mbio akaacha kiatu.

"Si mnaona?" boss akasema. "Huyu ametoka nje kabla ya arobaini. Mkono wake bado uko huko."

Huko wapi, hakusema. Akamwambia mjane aache taa, arudi baada ya siku tatu.

Jioni hiyo habari ilikuwa imefika kwenye ploti ninakopanga. Jirani ambaye hunishikia mtoto nikienda kuoga aliweka mikono nyuma. "Mama, wacha tu alale kwako kwanza." Mtoto wa wiki tano, watu wanamwogopa! Mimi mniseme mtakavyo. Yeye amewakosea nini?

Siku tatu nilinyonyesha nikiwaza bodi. Kitu gani kilibadilika kabla ya mvua? Nikakumbuka. Paste ya kulehemu ilikwama Malaba kwenye foleni ya malori, na bila paste risasi haikushika. Boss akaenda kwa mafundi wa mabati, wale wanaoziba karai, akaleta chupa ya asidi yao. Risasi ilishika ajabu. Nilimwuliza tutaiosha na nini baadaye, akanicheka. "Unataka kuogesha bodi kama mtoto?" Lakini fundi wa karai huosha kazi yake. Sisi hatukuosha.

Kwa hiyo siku ile mjane aliporudi, na boss akanifokea, nilifungua kasha mbele yao wote. Kando ya miguu ya swichi palikuwa pameota uchafu wa kijani, kama ukungu wa mkate. Uchafu ule ukipata unyevu unapitisha umeme, ni kama mtu amebonyeza swichi. Ukungu wa ziwa unatosha. Pumzi inatosha.

"Pulizia, boss," nikamwambia. "Wewe hujazaa."

Alirudi nyuma. Mjane akainama, akapulizia yeye. Taa ikawaka, ikamulika uso wake wote.

Nikasugua bodi kwa brashi na maji, nikapitisha spiriti, nikaikausha. Mjane akapulizia tena. Giza. Akapulizia mara ya pili, mara ya tatu, polepole, kama anayemwita mtu aliye usingizini.

"Sasa alfajiri itakuwaje?" akaniuliza.

Nikamkabidhi taa yake. Boss ndiye aliyejibu. "Umeharibu biashara yangu. Toka."

Kesho yake nilienda ofisi ya kazi ya serikali, mtoto mgongoni. Karani akanipa karatasi, akasema niandike kwa ufupi. Niliandika hivi:

"Nalalamika kwamba mwajiri wangu amenifukuza kazi akidai mimi na mtoto wangu tunawasha taa. Taa zinawashwa na asidi aliyoileta yeye akakataa ioshwe. Naomba nirudishwe kazini. Naomba pia aende mbele ya wale wale aliowaambia, awaambie kwamba mtoto wangu ni mtoto tu. Nimeambatanisha bodi moja ambayo haijaoshwa. Atakayeipokea aipulizie."